Milimita Nne za Ubishi: Mabehewa ya Mizigo ya Durban na Wanaoyaunda Upya

Anayetaka kuunda behewa la mizigo la Durban kwa plastiki na gundi, dogo la kukaa kiganjani, hukutana na ubishi kabla hajashika kisu. Reli za treni ndogo zinazouzwa madukani, karibu dunia nzima, zina upana wa milimita 16.5. Kipimo kinachokwenda nazo ni 1 kwa 87, na ukizidisha unapata milimita 1,435, upana wa reli za sehemu kubwa ya Ulaya na Marekani. Reli za Afrika Kusini ni milimita 1,067, yaani futi tatu na nusu. Behewa la huko likipunguzwa mara 87 linataka reli ya milimita 12.3. Hapo kuna milimita nne na ushei za ziada. Jirani akipita hataona kitu. Lakini aliyewahi kuliona behewa lenyewe, mwili mpana umetokeza pande zote mbili za magurudumu yaliyokaribiana, ataona mchoro wa twiga aliyepewa shingo ya punda.

Cha kuchekesha ni kwamba kuna kipindi kimoja katika historia ya Durban ambacho reli hizo za dukani zinakifaa bila kasoro, nacho ni cha mwanzo kabisa. Tarehe 26 Juni 1860, kampuni iliyoitwa Natal Railway Company ilifungua njia ya takribani kilomita tatu kutoka Market Square, katikati ya mji, hadi Point, kwenye mlango wa bandari. Ndiyo reli ya kwanza ya mvuke kufanya kazi Afrika Kusini. Cape Town walitangulia kuchimba mwaka 1859, ila treni yao haikuanza kubeba watu hadi 1862, na watu wa Durban hawajachoka kulikumbusha jambo hilo. Kichwa cha treni kilitengenezwa na Carrett, Marshall and Company wa Leeds, Uingereza, kikafika kwa merikebu iitwayo Cadiz, kikapewa jina la koloni lenyewe: Natal. Upana wa reli zake ulikuwa milimita 1,435.

Reli hiyo ilizaliwa kwa sababu ya mizigo, wala si abiria. Mlango wa bandari ulizibwa na fungu la mchanga, hivyo meli kubwa zilitia nanga nje na shehena ikaletwa ufukweni kwa mashua. Kutoka hapo ilivutwa na maksai kwenye mchanga na matope hadi mjini. Mwaka 1867 njia ilirefushwa hadi mto Umgeni kufuata mawe ya kujengea bandari. Kwa hiyo mwenye kuunda modeli akichagua miaka ya 1860, anaokoka na ubishi wa reli, kisha anaingia kwenye shida nyingine: picha ni chache, na mpiga picha wa zama zile alielekeza kamera kwenye kichwa cha treni na waheshimiwa waliosimama mbele yake. Behewa la mawe, kama limeonekana, limekatwa nusu pembeni.

Mwaka 1877 serikali ya koloni la Natal iliichukua reli hiyo, ikaunda Natal Government Railways, NGR, na ndani ya muda mfupi reli pana ziling'olewa. Jirani yao wa Cape alikwisha kuamua mwaka 1873 kwamba milimita 1,067 zinatosha, na fedha ndiyo iliyosema. Ukitoka Durban kwenda bara, ardhi inapanda karibu mara moja. Reli nyembamba huzunguka vilima badala ya kuvitoboa, nayo NGR ilizungusha kwelikweli: kona zenye nusu kipenyo cha futi 300, kama mita 91, na miinuko ya mita moja kwa kila mita 30. Treni ilifika Pietermaritzburg Desemba 1880, Charlestown mpakani mwa Transvaal mwaka 1891, na mwaka 1895 njia ikaunganishwa na Johannesburg, kwenye dhahabu. Makaa ya mawe ya kaskazini mwa Natal yalishuka pwani kwa njia hiyohiyo.

Walioitandika na kuitunza ni Waafrika wa Natal na vibarua wa mkataba kutoka India, ambao meli yao ya kwanza, Truro, ilitia nanga Durban Novemba 1860, miezi michache tu baada ya treni ya kwanza. Kuna pia kundi ambalo msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kulikumbuka. Kuanzia 1873, manowari za Uingereza zilileta Durban mamia ya watu waliokombolewa utumwani kupitia Zanzibar, wengi wao Wamakua, nao wakafungwa mikataba ya kazi katika koloni. Walikaa King's Rest, upande wa Bluff, wakaitwa Wazanzibari na bado wanaitwa hivyo, ingawa sheria ya kutenga maeneo kwa rangi iliwahamisha kwenda Chatsworth mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bluff ndiko meli zilikopakia makaa. Modeli nyingi za treni za makaa huwa na vichaka, nguzo na moshi wa pamba, lakini hazina mtu hata mmoja. Hilo nalo ni kosa la usahihi, kubwa kuliko milimita nne.

Turudi kwenye vipimo. Kuna njia tatu za kumaliza ubishi. Ya kwanza ni kukubali reli pana na kutotazama chini. Hivyo ndivyo walivyofanya Lima wa Italia, ambao modeli zao za treni za Afrika Kusini ziliwaingiza vijana wengi katika mchezo huu. Ya pili ni kutumia reli ya milimita 12 kwa kipimo cha 1 kwa 87. Hiyo inatoa milimita 1,044, katikati ya reli za Durban na zile za mita moja za Kenya, Uganda na reli ya kati ya Tanzania, na makosa yake hayaonekani kwa macho. Ya tatu ndiyo ninayoiona ya busara zaidi: kuacha reli ya dukani kama ilivyo na kulikuza behewa. Kwa kipimo cha 1 kwa 64, reli ya milimita 16.5 inakuwa milimita 1,056. Zimepungua 11 tu. Watu wa New Zealand na Queensland, wenye reli za upana uleule, waligundua hila hiyo pia.

Gharama yake ni nafasi. Behewa la mita 12 linakuwa na urefu wa sentimita 19 mezani, na kona ya mita 91, ambayo kwenye vilima vya Natal ilikuwa kali kupindukia, inataka nusu kipenyo cha mita 1.43. Duara zima halipiti katika chumba cha kulala cha kawaida. Ndiyo maana wengi huishia kutengeneza kipande kimoja tu, stesheni ndogo au gati, na treni inaingia upande mmoja na kutokea mwingine.

Upana huo wa milimita 1,067 unatufikia hata sisi. TAZARA ilijengwa kwa kipimo hicho katika miaka ya 1970, na ndiyo maana treni ya kifahari ya Rovos Rail hutoka Afrika Kusini, ikapita Zimbabwe na Zambia, hadi Dar es Salaam bila kubadili magurudumu. Behewa la makaa la Durban lingeweza kufika stesheni ya TAZARA kwa magurudumu yake. Lisingeweza kuingia ile ya reli ya kati, mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Upana wa reli ukishaamuliwa, kazi ndiyo inaanza, maana behewa la mizigo halina sura moja. Lina sura ya mwaka fulani. Tazama herufi za ubavuni. NGR ni kabla ya Muungano wa Afrika Kusini wa 1910. Baada ya hapo reli za makoloni ziliunganishwa kuwa South African Railways, na behewa likaandikwa SAR kwa Kiingereza na SAS kwa Kiafrikaans. Mwaka 1981 shirika likawa South African Transport Services. Mwaka 1990 ikaja Transnet, na kitengo chake cha reli kikaitwa Spoornet. Behewa moja lililodumu lingeweza kupakwa majina matatu juu ya mwili uleule, na mafundi hawakufuta vizuri kila mara. Modeli bora niwezayo kuifikiria ni ile ambayo herufi za zamani zinasomeka kwa taabu chini ya rangi mpya.

Kisha tazama miisho ya behewa. Hapa ndipo wengi hukosea. Mabehewa ya NGR na ya SAR ya mwanzo yaliunganishwa kwa kichwa cha chuma chenye umbo la kengele, pini na pete. Kuanzia 1927 SAR ilileta viungio vya Kimarekani, vyenye taya linalojifunga lenyewe magari mawili yakigusana. Lakini huwezi kubadili maelfu ya mabehewa usiku mmoja. Kwa miaka kadhaa aina zote mbili zilikuwa njiani pamoja, kwa hiyo taya la kiungio kipya lilichongwa pengo katikati, ili pete ya kiungio cha zamani ipite na kushikwa kwa pini. Pengo hilo kwa kipimo cha 1 kwa 64 ni uwazi mdogo sana. Mwenye kuunda behewa la 1930 hununua kiungio cha Kadee cha Marekani, ambacho taya lake ni zima, akalikata pengo kwa msumeno mwembamba kama uzi. Wa 1960 halihitaji. Nimewaona watu wakilihukumu behewa zima kwa pengo hilo.

Chini ya sakafu nako kuna kesi. Afrika Kusini ilidumu na breki za ombwe, zinazofanya kazi kwa kunyonya hewa kwenye bomba refu la treni, hadi treni nzito za madini na makaa za miaka ya 1970 zilipoleta breki za hewa iliyoshindiliwa. Silinda za aina hizo mbili ni tofauti kwa ukubwa na mahali zinapokaa. Hakuna atakayeziona behewa likiwa relini. Fundi mzuri huziweka hata hivyo, na akipiga picha hulilaza behewa ubavu ili zionekane.

Tarehe huvunja hata yale yaliyopendeza. Mtu anaweza kuwa na kichwa cha umeme cha 1E, fahari ya Natal ya mwaka 1926, kilichochongwa vizuri na kupakwa rangi kwa subira, akakiweka stesheni ya Durban mwaka 1928 na mkururo wa mabehewa ya makaa nyuma yake. Kosa. Umeme wa 1926 ulikuwa kati ya Glencoe na Pietermaritzburg, na nyaya hazikufika Durban hadi katikati ya miaka ya 1930. Na anayeunda treni ya Juni 1893, ile aliyoipanda Gandhi kutoka Durban na tiketi ya daraja la kwanza, hawezi kuishia kwenye mabehewa ya abiria. Alipofika Pietermaritzburg aliamriwa ahamie behewa la mizigo la treni hiyo, akakataa, akashushwa. Gari alilokataa kuingia linastahili kuundwa kwa uangalifu uleule kama lile alilotolewa.

Ushahidi wa haya yote uko wapi? Vichwa vya treni vilipata waandishi wao. Juzuu mbili za D. F. Holland za mwaka 1971 na 1972 kuhusu vichwa vya mvuke vya SAR bado ziko kwenye rafu za kila shabiki. Durban yenyewe ilijitengenezea kichwa mwaka 1888, Havelock, cha kwanza kusanifiwa na kujengwa Afrika Kusini, na jina lake halijasahaulika. Natal, kile kichwa cha 1860, nayo ina kisa chake. Reli pana zilipoondolewa iliuzwa, ikapelekwa Port St Johns ili iendeshe kiwanda cha mbao, ikaishia ardhini. Miaka ya 1940 vipande vyake vilifukuliwa, vikarudishwa Durban, mafundi wa SAR wakatengeneza upya vilivyokosekana na kukiweka kichwa stesheni kama maonyesho. Kwa maoni yangu Natal ya leo ni modeli, ya kipimo cha 1 kwa 1, na sisemi hivyo kwa dharau.

Mabehewa yaliyovutwa na Natal hayakufukuliwa na mtu. Behewa la mizigo hutumika hadi linaoza, kisha linakatwa vyuma chakavu. Karakana ya zamani ya reli, katikati ya Durban, iligeuzwa mwaka 1986 kuwa jumba la maduka linaloitwa The Workshop, jirani na stesheni ya zamani ya matofali mekundu ambayo wenyeji hupenda kusimulia kuwa paa lake lilichorewa Toronto, ndiyo maana linaweza kubeba theluji ya mita tano. Ukitaka kupima chuma cha kweli, panda vilimani kwa Umgeni Steam Railway, wanaoendesha treni za mvuke kati ya Kloof na Inchanga kwenye ile njia ya zamani yenye kona. Beba futi kamba, simu yenye chaji na nguo za kuchafuka. Hesabu ribiti upande mmoja, kisha upande wa pili, kwa sababu behewa lililofanyiwa matengenezo mara nyingi halilingani pande zake.

Anayependa reli nyembamba zaidi, zile za milimita 610 zilizobeba miwa na magogo kusini mwa Durban, ana safari ndefu kuliko hiyo. Njia ya Port Shepstone hadi Harding imekufa. Kichwa chake nambari 143, cha mvuke cha aina ya Garratt, cha mwisho cha aina hiyo kujengwa na Beyer, Peacock kiwandani Manchester mwaka 1958, kilinunuliwa miaka ya 1990 na Welsh Highland Railway ya Wales, ambako pia yamepelekwa baadhi ya mabehewa ya mizigo ya Afrika Kusini, na huko yanabeba kokoto za matengenezo ya njia. Mtu wa Durban akitaka kuyapima, inabidi kwanza aombe viza ya Uingereza.