Kukodi Dereva kwa Siku ya Kuonja Viungo Pemba: Mwongozo kwa Wanaotokea Makoongwe

Makoongwe ni kisiwa kidogo na shehia ya Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba, mkabala na bandari ya Mkoani. Hakuna daraja wala kivuko cha magari kati ya pande hizo mbili. Kundi la marafiki linalotaka kutoka kisiwani humo kwenda kutembelea mashamba ya viungo na kurudi siku hiyo hiyo hulazimika kuingia makubaliano mawili: moja na nahodha wa kuwavusha, na jingine na dereva wa kuwapokea Mkoani. Makubaliano hayo yasipofungamana, kundi huweza kupata gari zuri na dereva hodari, kisha likalala Mkoani kwa kukosa chombo.

Utaratibu wa kukodi dereva kwa siku nzima ya kuonja umezoeleka zaidi katika nchi na mikoa inayolima zabibu. Huko Stellenbosch, Afrika Kusini, marafiki huzunguka kutoka shamba hadi shamba wakionja mvinyo, na dereva huwa ndiye asiyegusa bilauri. Hapa Tanzania, Mkoa wa Dodoma ndio wenye zao hilo, hususan Hombolo na Makutupora, na busara ya kuwa na dereva asiyeonja ni ile ile. Pemba, ambako wakaazi wengi ni Waislamu na mvinyo si sehemu ya maisha ya kila siku, kinachoonjwa ni karafuu, mdalasini, pilipili manga, hiliki, kungumanga, asali, halua, na matunda kama shokishoki na doriani. Dereva anaweza kuonja vyote pamoja na abiria wake. Hatari yake ni nyingine, nayo ni uchovu.

Msimu wa karafuu, ambao kwa kawaida huanza mwezi Julai na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata, hubadilisha shughuli za usafiri kisiwani Pemba. Magari mengi hukodiwa kubeba wachumaji alfajiri na karafuu jioni, na dereva mwenye bidii anaweza kufanya kazi usiku kisha akakubali safari ya wageni asubuhi. Si utovu wa adabu kumuuliza alilala saa ngapi. Ni vyema kumuuliza siku moja kabla, wakati bado ipo nafasi ya kumtafuta mwingine.

Bahari ndiyo hupanga saa

Jambo la kwanza kuamuliwa ni saa ya kurudi Mkoani, na saa hiyo haipangwi na dereva. Katika pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hupwa sana kabla ya adhuhuri na kujaa alasiri, hivyo anayerudi saa 10 jioni hukuta maji ya kutosha hadi karibu na diko. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na maji hupwa jioni, ingawa hayaendi mbali kama ya bamvua. Nahodha wa Makoongwe hahitaji jedwali kulijua hilo. Mgeni aanze kwa kumuuliza yeye, ndipo ampigie simu dereva.

Upepo nao una kauli yake. Wakati wa kusi, mawimbi ya alasiri huweza kuwa makubwa kuliko yalivyokuwa asubuhi. Jua la Pemba huzama kati ya saa 12 na saa 1 kasorobo jioni, na kuvuka gizani kwa chombo kidogo kisicho na taa si jambo la kujaribiwa kwa ajili ya shamba moja la ziada. Kundi linalokusudia kuwa Mkoani saa 10 na nusu hubaki na muda wa kutosha hata tairi likipasuka njiani.

Idadi ya watu ijulikane kwa pande zote mbili. Gari la watu saba halibadiliki kuwa la tisa kwa sababu marafiki wawili wameamua kufuata dakika ya mwisho, na mashua ndiyo zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikielekea Pemba, ilizama karibu na Nungwi ikiwa imepakia abiria kupita uwezo wake, na familia nyingi za Pemba zilipoteza ndugu. Kwa hiyo nahodha anayekataa kuongeza mtu, au anayesisitiza kila abiria avae jaketi okozi hata kwa kivuko kifupi, asionekane mkaidi.

Makubaliano na dereva

Bei ya siku nzima hutegemea aina ya gari, umbali na msimu, na hujadiliwa. Ugomvi hutokea mara nyingi katika yale ambayo hayakutajwa. Je, mafuta yamo ndani ya bei? Chakula cha mchana cha dereva ni juu ya nani? Viingilio vya abiria vinalipwa na nani? Muda wa kusubiri ukizidi, kunatozwa nini? Haya yote yasemwe kabla ya arubuni kutolewa, na ikiwezekana yaandikwe katika ujumbe wa simu ili kila upande ubaki na kumbukumbu. Sehemu kubwa ya malipo ibaki hadi mwisho wa safari. Leseni ya dereva na bima ya gari vikaguliwe bila kuona haya. Mgeni kutoka nje ya nchi anayetaka kuendesha mwenyewe anahitaji kibali cha Zanzibar, na kwa safari ya siku moja usumbufu huo haulipi.

Siku ya Ijumaa dereva apewe nafasi ya kwenda msikitini, na ratiba ijengwe kuizunguka sala hiyo. Mwezi wa Ramadhani safari ya kuonja mchana haifai: dereva amefunga, mwenye shamba amefunga, na kula hadharani ni kuwakosea heshima wenyeji.

Njia na vituo

Kisiwa cha Pemba kina urefu wa takribani kilomita 67, lakini barabara zake hupanda na kushuka vilima. Kundi linalotoka Makoongwe asubuhi linaweza kutembelea shamba katika Wilaya ya Mkoani, kufika Chake Chake, kupita kiwandani Wawi, na kama muda unaruhusu kufika Wete kununua halua. Msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi, vilivyo upande wa kaskazini, vinastahili siku yao. Kuvibana ndani ya safari hii ni kutumia siku kutazama barabara.

Shambani ndipo pa kukaa. Pemba ilitangulia Unguja kwa karafuu baada ya kimbunga cha Aprili 1872, ambacho kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, kabla ua halijafunguka. Wachumaji hulipwa kwa pishi, na tumba hutenganishwa na makonyo kwa mkono kabla ya kuanikwa juani kwa siku kadhaa. Dereva anayezijua njia za mashamba hupunguza mwendo penye majamvi ya karafuu kando ya barabara. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, njia za udongo huteleza, na gari dogo huenda likaachwa barabarani abiria wakamalizia kwa miguu.

Kiwanda cha makonyo cha Wawi, kilicho chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), hukamua mafuta kwa mvuke kutokana na makonyo ya karafuu, na pia mchaichai na majani mengine yenye harufu. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji na huzama chini ya chombo, ilhali ya mchaichai huelea. Mafuta hayo hunuswa, hayaonjwi: yasipochanganywa huunguza ulimi na kuutia ganzi. Dereva apige simu siku moja kabla kuhakikisha kuwa wageni watapokelewa.

Lipo pia la kisheria. Karafuu kavu ya mkulima hununuliwa na ZSTC, na Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya mwaka 2014 inadhibiti biashara na usafirishaji wake. Mgeni asikubali kubebeshwa gunia, hata kwa jina la zawadi, wala dereva asikubali kulipakia. Anayetaka ukumbusho anunue pakiti dukani na kutunza risiti. Doriani haina kikwazo cha kisheria, ila madereva wengi huikataa ndani ya gari, na wana haki yao.

Mwisho wa safari hesabu ifanyike Mkoani, bandarini, abiria wote wakiwepo. Dereva aombwe tangu mwanzo kutoondoka hadi chombo kiwe kimeng'oa nanga, kwani bahari ikichafuka na nahodha akiahirisha kuvuka, gari hilo ndilo litakalowapeleka abiria kwenye nyumba ya wageni.