Kwa nini vifaa vya kompyuta za kizamani huishia kwenye picha

Juzi kuna dogo kanifuata kafe hapa Maili Moja, Kibaha, anataka kutuma hela kwa jamaa wa nje anayetengeneza bodi ya kompyuta ya kizamani. Tangazo linasema lipa sasa, mzigo miezi sita. Nikamwambia dogo subiri kwanza, nikuandikie kitu. Ndo hiki, na nimekiandika kwa sababu na mimi nina deni la aina hiyohiyo, nitalifikia.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Wenzetu Ulaya na Marekani walikua na kompyuta za nyumbani kama Commodore 64 na ZX Spectrum, zote za mwaka 1982. Hiyo Commodore ilikuwa na kilobaiti 64 za kumbukumbu, wimbo mmoja tu wa MP3 unaizidi zaidi ya mara 40. Sasa watu wazima wenye kazi zao wanakaa usiku wanazitengenezea vifaa vipya: kadi ya kumbukumbu badala ya kaseti, bodi ya kuongeza kasi, au kompyuta nzima iliyoundwa upya. Wengi hawana kampuni, ni mapenzi tu.

Sisi huku hatuna kumbukumbu hizo, na ina sababu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikaja kuleta vurugu kwenye mahesabu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Kwa hiyo wakati dogo wa London anacheza gemu kwenye Spectrum, baba zetu Pwani hata TV hawakuwa nayo, labda awe na ndugu Zanzibar ambako televisheni ilikuwepo tangu miaka hiyo ya 1970. Kompyuta yetu ya kizamani ni Pentium ya mtumba yenye Windows 98, ile iliyokuja kwenye kontena ikakaa kafe mpaka ikachoka.

Turudi kwenye vifaa vinavyokwama. Mfano unaouma kuliko yote ni Vega+, gemu la mkononi la kuchezea michezo ya Spectrum. Mwaka 2016 kampuni ya Uingereza iitwayo Retro Computers ilichangisha kwa watu mtandaoni ikapata zaidi ya pauni 500,000. Hata Sir Clive Sinclair, mwenye Spectrum yenyewe, jina lake lilihusishwa. Wakaahidi mwaka huohuo. Wakurugenzi wakagombana, tarehe zikasogezwa, na mwaka 2018 wachache ndo wakapata kitu ambacho wengi walikilalamikia. Mwaka 2019 kampuni ikafungwa. Waliobaki wakabaki na risiti.

Lakini sio kila kinachochelewa ni utapeli, hapa ndo watu wengi tunakosea. ZX Spectrum Next ilichangiwa mwaka 2017, pauni zaidi ya 700,000, ikaahidiwa mapema 2018. Ikafika mikononi mwaka 2020. Tatizo moja kubwa lilikuwa kibodi! Bodi ya ndani ilikuwa tayari muda mrefu, ila plastiki na vibonyezo vikarudiwa na kurudiwa. Katikati ya hapo, Aprili 2018, Rick Dickinson aliyechora umbo lake akafariki. Commander X16 ya yule David Murray wa video za kompyuta za kizamani nayo ilitangazwa 2019, bodi zikauzwa 2023.

Na kuna zinazokufa bila hela ya mtu kupotea. Natami ulikuwa mradi wa kuunda Amiga mpya, bodi za majaribio zilikuwepo, picha tumeziona, halafu miaka ya 2010 mwanzoni kimya. Tatizo lake ndo tatizo la wengi: kila kikifika karibu mtu anasema tuongeze na hiki. Kompyuta ikiendelea kuongezewa haiishi kamwe.

Sasa linganisha na Dennis van Weeren wa Uholanzi. Alianza peke yake mwaka 2005 kuiunda upya Amiga kwa kutumia chipu inayoprogramiwa, akaiita Minimig. Mwaka 2007 akaweka michoro yote hadharani, bure. Hakuhitaji kiwanda. Hata angeacha siku ile, wengine wangeendelea, na kweli waliendelea.

Kitu ambacho watu wa kafe hawakioni ni umbali kati ya kimoja na mia. Kimoja unakichomelea kwa mkono, kikizingua unagusa hapa na pale kinawaka. Mia inataka kila chipu iwe ileile, na chipu za zamani za volti 5 zinakwisha madukani. Kava la plastiki linataka kuchongewa kalibu ya chuma, na hiyo ni hela ndefu kabla hujauza hata moja. Kenya waliliona hili kwenye gari: Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza Nyayo Pioneer mwaka 1986, likazinduliwa 1990, likatembea kabisa, ila kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikusimama.

Haya, deni langu. Mimi na mshkaji wangu wa Kisarawe tuliona Pentium kibao zimekufa hadi diski tu. Kadi ya CompactFlash, zile za kamera kubwa, inaweza kuongea kama hadi diski ya IDE, unahitaji tu kuunganisha miguu sahihi. Tukatengeneza ya kwanza kwenye bodi yenye matundu, Windows 98 ikawaka, tukapiga kelele mpaka mama yake akatoka nje. Wiki hiyohiyo tukachukua shilingi 5,000 kwa watu tisa.

Kosa letu lilikuwa hapo. Soketi ya kadi ina miguu 50 iliyobanana, na ile ya kwanza tuliing'oa kwenye kisomea kadi kibovu. Kariakoo tukapata mbili tu. Bodi ya pili tuliichora kwa karatasi na pasi ya nguo, njia zikagusana. Kila jaribio ni nauli, Kibaha mpaka Kisarawe tulikuwa tunazungukia Gongo la Mboto, siku imeisha. Halafu mwenzangu akapata kibarua, na michoro yote ilikuwa kichwani mwake. Baadaye nikakuta za Kichina zilizokamilika zinauzwa chini ya bei yetu.

Kwa hiyo dogo, kabla hujatuma muulize huyo jamaa mambo haya: kuna mtu mwingine zaidi yake anayo bodi inayofanya kazi? Michoro iko wapi akiugua? Hela yako inanunua vipuri au inalipia oda za waliotangulia? Na video ionyeshe kifaa kikiwashwa kutoka kimezimwa, sio picha ya bodi juu ya meza.

Nimesharudisha kwa watu sita. Wale watatu wa Kisarawe, mmoja yuko Minaki, namba zenu zilipotea na simu. Mkisoma hapa nitafuteni, 5,000 yenu ipo.