Nuru na Jozi za Atomu: Safari ya Metali za Alkali

Mwaka 1860, mjini Heidelberg, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waligundua sesiamu kwa mistari yake ya buluu katika nuru ya mwali. Mwaka uliofuata wakaipata rubidiamu. Metali za alkali, sodiamu na potasiamu zikiwemo, zina elektroni moja tu katika tabaka la nje, hivyo nuru ya atomu zake husomeka kwa wepesi. Lakini katika mvuke wake atomu chache hushikana mbili mbili, na jozi hizo hutoa maelfu ya mistari iliyosongamana.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Robert Wood wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alimulika mvuke wa sodiamu akaona ukirudisha nuru yenye mpangilio wa ajabu. Maelezo yalichelewa hadi fizikia ya kwanta ilipozaliwa. Mwaka 1927 wanafizikia Born na Oppenheimer walitenganisha kihesabu mwendo wa elektroni na ule wa viini, ikawa wazi kwamba kila hali ya elektroni, ya chini au ya msisimko, ina ngazi za mtetemo, na kila ngazi ya mtetemo ina ngazi za mzunguko. Ndiyo asili ya yale maelfu ya mistari.

Hata hivyo taa za zama hizo zilisisimua ngazi nyingi kwa mpigo. Ukombozi ulikuja na leza, iliyowashwa mara ya kwanza na Theodore Maiman mwaka 1960. Mwaka 1969, wanasayansi Demtröder, McClintock na Zare waliielekeza leza ya argoni kwenye molekuli za sodiamu. Nuru ya rangi moja halisi ilichagua ngazi chache mno, na mng'ao uliorudi ukapimika mstari kwa mstari. Kwangu mimi, hapa ndipo taaluma hii ya kusoma nuru ya molekuli ilipobalehe.

Leza zilizoweza kubadilishwa rangi zilifungua mlango wa pili: leza moja ikaipandisha molekuli hadi hali ya kati, nyingine ikaipeleka juu zaidi. Zilisalia hali ambazo spini za elektroni mbili, yaani mizunguko yao ya asili, ni sambamba, ambazo nuru haizifikii kwa urahisi kutoka hali ya chini. Mwaka 1983 Li Li na Robert Field walizifikia katika sodiamu kwa kupitia ngazi adimu zilizochanganya tabia za spini sambamba na za spini zinazopingana. Ilikuwa kazi ya subira kubwa, na haikuahidi faida yoyote ya haraka.

Faida ilikuja kutoka upande mwingine. Atomu zilipopozwa kwa leza, zikaunganishwa kwa nuru kuwa molekuli mwaka 1993, watafiti walihitaji kujua hali ya msisimko ipi ingezipitisha molekuli hadi ngazi ya chini kabisa. Ramani zilizochorwa katika mvuke wa moto ndizo zilizowaongoza kwenye baridi. Mwaka 2008, huko Boulder, Colorado, molekuli za potasiamu na rubidiamu zilishushwa kwa leza mbili, kupitia hali ya msisimko, hadi ngazi yao ya chini kabisa. Mwaka 2019 gesi ya molekuli hizo iliundwa mjini humo humo ikiwa baridi kiasi cha sheria za kwanta kutawala mwenendo wake.