Mitumbwi ya Kilombero na Samaki wa Meno Makali

Mvumi, mojawapo ya kata za wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, haijulikani kwa mitumbwi. Ni nchi ya mahindi na mpunga. Mto mkubwa wa wilaya hiyo, Mkondoa, hupita katikati ya milima ya Usagara kwa kasi, hufura ghafla wakati wa masika na kuacha mchanga mtupu kiangazi. Ukifika tambarare za Mkata hutawanyika mabwawani, kisha maji yake huenda kuungana na Wami kuelekea Bahari ya Hindi. Mto wa namna hiyo humpa mtu kambale na perege kwa ndoana na migono, lakini haumpi njia ya kusafiri.

Henry Morton Stanley aliyaonja maji hayo mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone. Msafara wake ulivuka tambarare za Mkata katikati ya mvua za masika. Wapagazi walitembea ndani ya maji na tope siku baada ya siku wakiwa na mizigo vichwani, punda wakafa, na Stanley mwenyewe akaugua tumbo la kuhara. Aliporudi Afrika mwaka 1874, alikuja na mashua aliyoiita Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande vitano ili ibebwe mabegani mwa watu. Ilibebwa kutoka pwani ikapitia Mpwapwa, na mwaka 1875 ikaelea katika Ziwa Victoria. Wasomaji wa Ulaya waliishangaa mashua hiyo. Hawakuambiwa kwamba kusini tu ya njia ile ya misafara palikuwa na bonde zima ambalo watu wake walichonga vyombo vyao wenyewe, wakavua, wakasafirisha mavuno na kuzika ndugu zao ng'ambo ya pili, bila kuagiza hata msumari mmoja.

Bonde hilo ni Kilombero, ambalo Wajerumani na Waingereza waliliita Ulanga. Kutoka Kilosa njia hushuka kusini hadi Mikumi, ikapita Kidatu kwenye Ruaha Mkuu, ikafika Ifakara. Hapo nchi hulala tambarare kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mvua zikikolea, mito inayoshuka kutoka milimani, ikiwemo Mnyera na Ruhudji, huitandaza Kilombero mpaka majani yanazama na vichuguu vinabaki kama visiwa. Kisha maji yote huenda kukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguli, na hapo ndipo unapozaliwa Rufiji.

Katika maji haya anaishi samaki anayestahili kulinganishwa na paiki wa kaskazini, yule Esox lucius anayewindwa na wavuvi wa Ulaya na Kanada kutoka kwenye kayaki na boti ndogo. Paiki hujificha kwenye magugu na kurukia windo lake. Wa Kilombero ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa samaki ambao wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwaita kibebe, naye hawindi kwa kuvizia. Hukimbiza. Meno yake marefu yamepishana nje ya midomo hata akifunga kinywa, na mshipi wa kawaida huukata mara moja. Wataalamu walimtenga kuwa spishi ya peke yake mwaka 1986, wakampa jina Hydrocynus tanzaniae. Kwao ni bonde la Rufiji na matawi yake, pamoja na mto Ruvu. Anaweza kupita kilo tisa, na mvuvi anayemtoa majini akiwa ndani ya mtumbwi mwembamba anapaswa kujua vizuri miguu yake iko wapi.

Kwa wenyeji, hata hivyo, kibebe hakuwa samaki wa kujivunia. Alikuwa mharibifu wa nyavu. Uvuvi wa bonde uliwategemea zaidi kambale, perege, kitoga, ngogo na ndungu, nao ulifuata maji. Mafuriko yalipopanda, samaki walitoka mtoni kwenda kutaga katika majani yaliyozama. Maji yalipoanza kurudi, ndipo kazi ilipoanza: watu waliziba mikondo midogo kwa wigo wa matete, wakaacha mlango na kuweka mgono, wakangoja samaki warudi mtoni wenyewe. Kiangazi, mto ulipojikusanya, walivua kwa mitumbwi kwenye vilindi. Wandamba, wenyeji wa bonde hilo, ndio waliosifika zaidi kwa kazi hii. Walijenga kambi kando ya mto, wakabanika samaki juu ya chanja kwa moshi, na samaki hao wakavu wakabebwa hadi kwa watu wa milimani waliokuwa na nafaka.

Yote hayo yalisimama juu ya mti mmoja uliochongwa. Tambarare inayofurika haina miti minene ya kutosha, kwa hiyo wachongaji walipanda chini ya milima kutafuta mvule au mkangazi. Mti ulichaguliwa kwa unene na unyoofu wake, ukakatwa kwa shoka, ukachimbwa kwa tezo papo hapo ili upungue uzito. Kisha wanaume wakauburuta juu ya magogo hadi majini. Kuta zikiachwa nene, mtumbwi unakuwa mzito kwa mpiga kafi. Zikipunguzwa mno, hupasuka kiangazi cha kwanza. Fundi aliyejua kipimo hicho kwa kugonga ubao na kusikiliza hakuwa mtu wa kawaida, na mtumbwi wake ulikuwa mali iliyorithiwa.

Wajerumani walipofika walilihitaji bonde kwa chakula. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vililikumba vikali. Boma la Mahenge lilishambuliwa mwishoni mwa Agosti 1905, na kisasi cha Wajerumani kilichoma maghala na kuacha njaa. Waingereza waliochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuta bonde lenye rutuba lakini lisilo na barabara ya kutegemewa. Walitaka mpunga wa Kilombero uwafikie wafanyabiashara na makuli. Mpunga uliovunwa ndani ya bonde ungefikaje Ifakara? Kwa mtumbwi. Wakati wa mvua hapakuwa na jibu jingine.

Lakini serikali hiyohiyo ilikuwa na idara nyingine, ya misitu. Sheria ya misitu ya 1921 iliendeleza hifadhi zilizowekwa na Wajerumani, na miti ya mbao ngumu ikahesabiwa kuwa mali ya dola. Mvule na mkangazi, ambayo kwa mchongaji ilikuwa mitumbwi, kwa ofisa misitu ilikuwa mbao za kuuza. Mwanahistoria Jamie Monson ameandika sura nzima juu ya jambo hili katika kitabu Custodians of the Land cha mwaka 1996, akichunguza miaka ya 1920 hadi 1940 na jinsi sera ya misitu na sera ya chakula zilivyovutana katika Kilombero ya ndani. Ofisi moja ikamhimiza mkulima aongeze mpunga, na nyingine ikamwekea vizuizi fundi wa chombo cha kuubebea. Ni vigumu kusoma habari hiyo bila uchungu, kwa sababu mchongaji hakuwa akiangamiza msitu. Alikuwa akikata mti mmoja uliowatumikia watu kwa miaka mingi.

Katika miaka hiyohiyo A. T. Culwick, ofisa wa utawala, na mkewe G. M. Culwick walikuwa Ulanga wakiandika Ubena of the Rivers, kitabu kilichotoka London mwaka 1935. Kina sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, na hilo ni jambo la thamani: mwenyeji anazungumza kwa jina lake mwenyewe. Wachongaji na wavuvi hawakupata sura yao. Tunawaona tu kwenye majalada ya serikali, mara nyingi pale walipokuwa wamevunja kanuni fulani.

Uhuru haukuigeuza hali hiyo mara moja. Reli ya Kilosa ilisogezwa kupitia Mikumi, na katikati ya miaka ya 1960 ikafika Kidatu, ikilenga miwa ya Kilombero. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Kwa mara ya kwanza samaki wa kubanikwa waliweza kusafiri mbali kwa siku moja, na wachuuzi, wanawake kwa wanaume, waliuona upenyo huo haraka kuliko wapangaji. Monson huyohuyo ameiandikia reli hiyo kitabu kizima. Bwawa la Kidatu nalo lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975. Operesheni ya vijiji ya miaka hiyo iliwahamisha watu wengi kutoka makazi yaliyotawanyika, na kambi za kandokando ya mto zikawa mahali pa kwenda kwa msimu badala ya nyumbani.

Samaki wa mito ya Morogoro walikwisha kuwa wasafiri wa mbali kuliko reli. Perege wa mto Wami, maji yaleyale yanayopokea Mkondoa, alifika Zanzibar, na kutoka huko akapelekwa Malacca, Malaysia. Mwaka 1960 mtaalamu C. F. Hickling alieleza kwamba dume wa perege huyo akipandishwa na jike wa perege wa Msumbiji, vifaranga vyote huwa madume. Kwa mfugaji wa mabwawa hiyo ni neema, kwani madume hukua haraka na bwawa halijai vifaranga. Mwaka 1966 Ethelwynn Trewavas alimwandika rasmi kwa jina hornorum. Leo damu yake imo katika mabwawa ya mabara kadhaa, na wakazi wa Kilosa wanaostahili kuijua habari hiyo ni nadra kuisikia.

Kibebe wa Kilombero alipata umaarufu wake baadaye na kwa njia tofauti. Kampuni ya Afrika Kusini, Tourette Fishing, ilianza kuwaleta wageni kwenye Mnyera na Ruhudji kuvua kwa boti ndogo, kiangazi maji yanapokuwa angavu. Wageni humvua kwa ndoana ya manyoya yenye waya mbele ili meno yasiukate mshipi, humpima, humpiga picha na kumrudisha majini. Samaki aliyelaaniwa kwa kutoboa nyavu amekuwa sababu ya mtu kuvuka bahari mbili. Hakuna ubaya katika hilo, mradi kijiji kinachotazama boti hizo zikipita kipate sehemu yake.

Bonde lenyewe limebanwa pande zote. Mwaka 2002 liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, karibu kilomita za mraba 8,000. Mwishoni mwa 2012 operesheni ya serikali iliondoa mifugo mingi iliyokuwa imeingia bondeni. Nyavu za macho madogo zimeenea, na kokoro huzoa hata vifaranga. Chini zaidi, bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022 kwa mradi wa megawati 2,115, limekatiza Rufiji, na samaki waliozoea kupanda na kushuka na mafuriko hawana tena njia moja kutoka baharini hadi Shuguli.

Kivuko cha Ifakara nacho kina historia ya majonzi. Kwa miaka mingi watu walivuka kwa mitumbwi na kwa pantoni, na Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama katika upepo na mvua kikiwa na abiria na magari. Mei 2018 lilifunguliwa daraja la mita 384 linaloitwa Daraja la Magufuli. Limeokoa maisha, na hakuna mtu wa Ulanga anayetamani kurudi nyuma. Hata hivyo, mashambani na kwenye vijito visivyo na daraja, mtumbwi bado ndio unaompeleka mjamzito zahanati wakati wa mafuriko.

Wachongaji waliobaki wamezeeka. Mkangazi mnene umekuwa adimu, na mitumbwi mingi mipya ni ya mbao za kuunganishwa kwa misumari. Halmashauri za Kilombero, Malinyi na Ulanga, pamoja na shule za ukanda wa Mikumi na Kilosa, zingefaa kuwaita wazee hao sasa, zikawarekodi wakionyesha jinsi mti unavyochaguliwa na tezo inavyoshikwa, na zikawapa nafasi kwenye meza ambako kanuni za uvuvi na misitu zinatungwa.