Difu ya Morris Minor Ndani ya Gari ya Spoti: Nani Alisema Hiyo Si Historia?

Kuna neno limenichosha: "orijino". Kila mwenye gari ya zamani Nairobi analo mdomoni. Gari ikiwa na kitu kimoja tu ambacho hakikutoka nayo kiwandani, basi imeharibika, historia yake imepotea. Mimi nasema historia ya gari haiko kwa rangi wala kwa viti. Iko chini, ndani ya difu, mahali watu hawaangalii kwa sababu kuna grisi.

Nieleze pole pole kwa wale hawajawahi kulala chini ya gari. Injini inazungusha propela shafti. Propela inaingia kwa difu, pale katikati ya ekseli ya nyuma, na ndani yake pinioni ndogo inasukuma gia kubwa ya duara, yaani kraunwili. Hesabu meno ya ile kubwa, gawanya kwa meno ya ile ndogo. Meno 38 kwa 9 ni 4.22, maana yake propela inazunguka mara nne na kitu ndipo tairi izunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gari inapanda mlima bila shida, lakini kwa lami injini inalia. Ikiwa ndogo, lami ni raha na mlima ni kilio.

Hiyo 4.22 ni ya Austin-Healey Sprite, ile gari ndogo ya Uingereza yenye taa kama macho ya chura. Ilitoka Mei 1958 na injini ya 948 cc. Ilitakiwa iwe ya bei nafuu, kwa hivyo BMC, kampuni iliyozaliwa 1952 Austin na Morris walipoungana, ikaiunda kwa vitu vilivyokuwa tayari kwa magari mengine. Injini ilikuwa ya familia ya Austin A35, stiringi ikatoka kwa Morris Minor, na kichwa cha difu kilikuwa cha ukoo huohuo, ndiyo maana cha Morris Minor 1000 kinaingia kwa Sprite. Sasa niambieni, hiyo orijino ilianzia wapi?

Tena angalia mwaka. Barabara kuu ya kwanza ya kasi kule Uingereza, ile ya Preston, ilifunguliwa Desemba 1958. M1 ikafuata Novemba 1959. Kumaanisha Sprite ilichorwa kabla ya hata kilomita moja ya barabara kama hizo kufunguliwa. Ilikuwa gari ya vijia vya mashambani na kona. Barabara zilipobadilika, namba nazo zikabadilika: MG Midget, ambayo ni ndugu yake, ilikuja kupewa 3.9, na mwishowe 3.7. Wenye MGA ya 1955, iliyokuja na 4.3, wakaanza kuingiza difu ya MGB ya 1962, ambayo ni 3.9. Waingereza wenyewe walichokoa, na hakuna aliyewaambia wameua historia.

Huku kwetu mambo yalienda kinyume. Safari Rally ilianza 1953 kama Coronation Safari, kumpongeza Malkia, na sifa yake ikajengwa na matope na vumbi. Mwaka 1963 magari saba pekee ndiyo yalimaliza. 1968, saba tena. Kwa barabara kama hizo kasi ya juu kabisa si kitu cha kukukosesha usingizi. Unataka nguvu ya kutoka kwa shimo. Tunakumbuka Joginder Singh na Volvo yake ya 1965, na ni haki tumkumbuke, lakini fundi aliyekaa usiku akichagua meno ya gia hana jina popote.

Sasa nirudi nyumbani. Hapa Muthetheni kuna Sprite moja, mwenyewe sitamtaja. Fundi mmoja mzee aliinua tairi moja ya nyuma kwa jeki, ile ingine ikabaki chini, akachora alama ya chaki kwa tairi na kwa propela. Ukizungusha hiyo tairi mara mbili kamili, mizunguko ya propela ndiyo namba yako. (Mara mbili, kwa sababu tairi moja ikishikwa, kraunwili inaenda nusu tu. Hii nilifundishwa kwa udongo, si kwa ile kozi ya uhandisi niliyoacha.) Propela ilizunguka mara nne na nusu. Hiyo ni meno 41 kwa 9, yaani 4.55, difu ya Morris Minor 1000.

"Hii waliweka ya kupanda," mzee akasema, akawasha sigara.

Mtu aliyekuja kutoka Nairobi kuinunua alisikia hivyo akashusha bei. Eti si orijino. Halafu, dakika kumi baadaye, akauliza kama anaweza kupata 3.7 aweke, kwa sababu anataka kuiendesha Expressway! Nilinyamaza, lakini tumbo lilikuwa linacheka.

Hesabu yake si mbaya, lakini. Kwa tairi za kawaida za Sprite, ukiwa kilomita 100 kwa saa, difu ya 4.55 inataka injini izunguke kama mara 4,350 kwa dakika. Ya 4.22 ni kama 4,000, na ya 3.7 ni kama 3,550. Kwa injini ya umri huo, hiyo tofauti unaisikia kwa masikio na kwa mfuko. Lakini akishatoka kwa lami aanze kupanda kuja huku, atashuka gia ya tatu mapema sana.

Kitu ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba spidomita inasoma kutoka kwa gia boksi, haijui difu imebadilishwa. Na ile iliyo kwa hiyo gari bado ni ya 4.22. Kwa 4.55 ilikuwa ikionyesha 80, gari iko kama 74. Akiweka 3.7 ikionyesha 80, atakuwa amekaribia 91. Spidomita lazima irekebishwe, la sivyo ataenda kuwaelezea polisi habari ya meno ya gia.

Mimi nilimwomba kitu kimoja tu: ile 4.55 ikitoka, ifungwe kwa gunia na grisi, iende na gari, na iandikwe ilitoka Muthetheni. Na nyinyi wa kutoka Masii mpaka Wamunyu, kama kuna Morris Minor imelala shambani kwa babu, kuku wakitagia ndani, kabla hujaiuza kwa kilo inua tairi moja, zungusha mara mbili, uhesabu. Kisha unitumie namba.