Nchi nane na samaki mmoja: Mapatano ya Nauru katika bahari ya Pasifiki

Mapatano ya Nauru ni makubaliano ya nchi nane za bahari ya Pasifiki kuhusu uvuvi wa jodari, yule samaki mkubwa anayeuzwa duniani kote ndani ya mikebe. Yalitiwa sahihi mwezi wa Februari 1982. Nchi zenyewe ni Kiribati, Visiwa vya Marshall, Mikronesia, Nauru, Palau, Papua Guinea Mpya, Visiwa vya Solomon na Tuvalu. Papua Guinea Mpya ni kubwa. Nyingine zote ni visiwa vidogo ambavyo wengi wetu tungevitafuta kwa shida kwenye ramani. Jirani zao tumekwisha kuwasikia kanisani: wamama wa Vanuatu ndio walioandaa ibada ya Siku ya Maombi ya Dunia ya mwaka 2021, na wale wa Visiwa vya Cook wakaandaa ya 2025.

Tuanze na udongo. Tuvalu ina kilometa za mraba 26 na watu kama 11,000. Mitaa mingi ya Goma ina watu wengi kuliko nchi hiyo nzima. Kiribati ina nchi kavu ya kilometa za mraba 811 tu. Lakini sheria ya kimataifa ya bahari inaipa kila nchi haki juu ya samaki hadi maili 200 za baharini kutoka pwani yake, yaani karibu kilometa 370. Visiwa vya Kiribati vimetawanyika sana, na kwa sababu hiyo eneo lake la bahari ni kama kilometa za mraba milioni 3.5. Kongo yetu yote ina 2,345,000. Basi nchi tunayoiita ndogo ina shamba kubwa kuliko letu, ila shamba hilo ni maji, na mavuno yake yanahama.

Kuhama huko ndiko kulikoleta matata. Jodari hana uraia. Leo yuko Solomon, baada ya miezi yuko Kiribati. Zamani meli za mataifa makubwa zilienda kwa kila serikali peke yake, na serikali iliyodai bei nzuri iliambiwa kwamba jirani anakubali kidogo. Marekani ilienda mbali zaidi: ilikataa kabisa kwamba nchi ya pwani ina mamlaka juu ya samaki anayehama. Mwaka 1984 Visiwa vya Solomon viliikamata meli ya Kimarekani, Jeanette Diana, ikivua bila ruhusa katika maji yake. Marekani ikajibu kwa kukataza samaki wa Solomon kuingia katika soko lake. Kwa nchi changa yenye bidhaa chache za kuuza nje, hilo lilikuwa pigo. Nchi za visiwa zilisimama pamoja, na mwaka 1987 Marekani ikatia sahihi mkataba wa kuzilipa kwa pamoja. Hapo zilijifunza jambo ambalo mtu mmoja mmoja hawezi kulijifunza.

Hata hivyo, kulipwa si kulipwa vizuri. Kwa miaka mingi nchi hizo zilihesabu meli: mwaka 1992 zilikubaliana kwamba meli za nyavu kubwa za kuzungusha zisizidi 205. Wenye meli wakaitikia vizuri, kisha wakajenga meli kubwa zaidi. Hesabu ilibaki ileile, samaki waliovuliwa wakaongezeka. Kuanzia mwaka 2007 zikabadili kipimo, na kuanza kuuza siku. Wataalamu wanakadiria kiasi cha uvuvi ambacho samaki wanaweza kukivumilia, kiasi hicho kinageuzwa kuwa siku, karibu 45,000 kwa mwaka, na siku hizo zinagawanywa kati ya nchi wanachama. Meli inayotaka kuvua inanunua siku. Meli yenye urefu unaozidi meta 80 inahesabiwa siku moja na nusu kwa kila siku moja ya kazi. Ile isiyofika meta 50, nusu siku. Chombo kilichofungwa ndani ya meli kinatuma habari kwa setilaiti, kwa hiyo kudanganya juu ya mahali ulipo si rahisi.

Nguvu yenyewe iko kwenye bei ya chini. Nchi zote zilikubali kutouza siku moja chini ya kiasi fulani cha dola: kwanza 5,000, baadaye 6,000, halafu 8,000. Mwaka 2010 nchi hizi zilipata karibu dola milioni 60 kwa jumla. Kabla miaka kumi haijapita mapato yalikuwa yanakaribia milioni 500 kwa mwaka. Samaki hawakuongezeka mara nane. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi alipobisha mlango wa jirani alikuta jibu lilelile. Katika Kiribati fedha hizo ni zaidi ya nusu ya mapato ya serikali: mishahara ya walimu, dawa, mashua zinazounganisha kisiwa na kisiwa.

Tukumbuke kwamba makubaliano ya namna hii yanaishi kwa kunyimana. Kila mwaka kuna serikali yenye shida ya fedha ambayo ingeweza kuuza kwa siri chini ya bei, ikapata chake haraka. Kwa sababu hiyo nchi zimeruhusiana kuuziana siku. Katika miaka ya El Niño jodari wanasogea mashariki, kuelekea Kiribati. Katika miaka ya La Niña wanarudi magharibi. Nchi iliyokosa samaki inaweza kuiuzia jirani siku zake, na haibaki mikono mitupu.

Walitumia leseni hizo pia kulinda bahari. Katikati ya maeneo yao kuna sehemu za bahari kuu zisizo za nchi yoyote, ambako meli zilikuwa zinajificha. Nchi hizi hazina mamlaka huko. Basi ziliandika sharti: anayetaka kuvua kwetu asivue kule. Kila meli ya nyavu za kuzungusha inabeba mwangalizi, na kwa miezi fulani ni marufuku kutumia maboya ya kuvutia samaki, kwa sababu chini yake hukusanyika pia jodari wachanga. Wasomaji wetu wa Uvira, Fizi na Kalemie wanajua uzito wa marufuku kama hayo. Tangu 2003 Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zina mkataba wao juu ya Ziwa Tanganyika, na kufunga uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti kunagusa sahani ya nyumba nyingi. Kuna tofauti moja kubwa: kule Pasifiki anayesimamishwa ni meli ya tajiri wa mbali, hapa ni mvuvi wa ndakala mwenye watoto.

Si kila kitu kimefaulu. Sehemu kubwa ya samaki inatiwa mikebeni mbali, hasa Thailand, na kazi za viwandani zinaenda huko. Mazingira na maendeleo nayo yanavutana. Kiribati ilifunga uvuvi wa biashara katika hifadhi ya Visiwa vya Phoenix mwaka 2015, zaidi ya kilometa za mraba 400,000, ikasifiwa na ulimwengu. Mwaka 2021 ilitangaza kwamba itaifungua tena, kwa kuwa ilihitaji mapato. Sisi hatuoni urahisi wa kuihukumu. Sifa hazilipi walimu.

Tishio kubwa halitoki kwa meli. Bahari inapopata joto, jodari wanasogea mashariki na kutoka katika maji ya nchi hizi kwenda bahari kuu. Wanasayansi wamekadiria kwamba, hewa chafu ikiendelea kutolewa kwa wingi, kufikia mwaka 2050 uvuvi wa nyavu za kuzungusha katika maji ya nchi kumi za visiwa utapungua kwa wastani wa asilimia 20. Maji yenyewe yanapanda pia. Je, kisiwa kikimezwa, zile maili 200 zitapimwa kutoka wapi? Mwezi wa Agosti 2021 viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki walitoa tamko la pamoja: mipaka ya bahari iliyokwisha kuwekwa itabaki pale pale, hata kama pwani itarudi nyuma.