Muiritu, Irua na Mabishano ya Biblia katika Murang'a, 1926–1951

Mjadala juu ya kama Biblia hujipinga yenyewe kwa kawaida huachiwa wanatheolojia na wahubiri. Wanaisimu huupita kando, kana kwamba hauwahusu. Hata hivyo, historia ya mjadala huo katika Murang'a, ambayo wakoloni waliiita Fort Hall, yaonyesha kwamba pako mahali ambapo hauwezi kueleweka bila ya kuichunguza kazi ya mfasiri. Makala haya yanakusudia kuutazama mjadala huo baina ya mwaka 1926, Agano Jipya lilipotolewa kwa Kigikuyu, na mwaka 1951, Biblia nzima ilipopatikana katika lugha hiyo. Itadaiwa hapa kwamba mengi yaliyoitwa migongano ya Biblia yalikuwa migongano ya maneno yaliyochaguliwa kuieleza, na kwamba wasomaji wa Murang'a walilitambua jambo hili mapema kuliko walimu wao.

Mahali penyewe pahitaji maelezo kidogo. Msafiri atokaye Thika kwenda Nyeri leo hufika Kenol, mji wa njia panda uliopata jina lake kwa kituo cha mafuta. Hapo njia moja huelekea Makuyu na Sagana, na nyingine huenda Maragua na Murang'a mjini. Mwaka 1929 mji huo haukuwapo. Upande wa Makuyu yalikuwako mashamba ya walowezi, hasa ya katani. Upande wa magharibi vilipanda vilima vya Gatanga na Kandara, kila kilima na ukoo wake, na juu ya baadhi yake misheni zilikuwa zimekwisha kujenga: Chama cha Misheni cha Kanisa la Kiingereza, yaani CMS, kilikuwa Weithaga na Kahuhia, Africa Inland Mission ilikuwa Githumu. Mabishano yatakayoelezwa hapa yalizaliwa katika vilima hivyo.

Jina walilopewa Wakristo wa kwanza wa Kigikuyu lastahili kuangaliwa. Waliitwa athomi, yaani wasomaji. Ndivyo ilivyokuwa Buganda pia, ambako walioingia dini mpya waliitwa basomi. Mtu hakuambiwa kwamba ameamini. Aliambiwa kwamba amesoma. Kwa hiyo imani na uwezo wa kusoma kitabu vilikuwa kitu kimoja katika fikira za watu, na yafaa jambo hili likumbukwe kila tunapouliza kwa nini ugomvi wa kanisa ulikuwa ugomvi wa matini. Mmisionari aliyemfundisha kijana kusoma alikuwa amempa, pamoja na ufunguo wa mbinguni, kipimo cha kumpimia mmisionari mwenyewe.

Kazi ya kufasiri ilikuwa ndefu. Katika wale walioishughulikia walikuwamo Canon Harry Leakey wa CMS huko Kabete, na A. R. Barlow wa misheni ya Kiskoti, ambaye alikuwa pia mtaalamu wa sarufi ya Kigikuyu. Walisaidiwa na Wagikuyu ambao majina yao hayakupata nafasi kubwa katika kumbukumbu. Hapana shaka kwamba walikuwa watu makini. Lakini walipofika penye habari ya Mariamu mama wa Yesu iliwabidi watafute neno la mwanamke ambaye hajamjua mume, na neno walilolitumia ni muiritu.

Hapa ndipo pana kiini cha jambo. Katika Kigikuyu cha wakati ule, muiritu hakuwa msichana yeyote tu. Msichana ambaye hajapita jando la kike aliitwa kirigu, na jina hilo lilikuwa na dharau ndani yake. Alipokwisha kutahiriwa na kuingia katika rika lake ndipo alipokuwa muiritu, mtu anayeweza kuposwa na kuheshimiwa. Neno hilo, basi, lilitaja hadhi katika jamii kabla ya kutaja hali ya mwili. Msomaji wa Kandara aliyekuta kwamba malaika alitumwa kwa muiritu alisoma bila ya taabu yoyote kwamba mama wa Bwana alikuwa ametahiriwa. Na kwa kanuni za lugha yake alikuwa amesoma sawasawa.

Yafaa kulinganisha na Kiswahili. Mfasiri wa Kiswahili alikuwa na neno bikira, ambalo limetoka Kiarabu na halina uhusiano na mila yoyote ya unyago. Kama lisingalikuwapo, angelazimika kushika neno mwali au mwanamwali, na hapo naye angetumbukia katika shimo lile lile, maana mwali ni bikira na pia ni yule aliyewekwa ndani na kufundwa. Biblia ya Union ya mwaka 1952 yatumia neno wanawali kwa wale kumi wenye taa katika Mathayo 25, na hakuna aliyegombana kwa ajili yao. Lakini hao hawakuwa mama wa Yesu. Wala tatizo hili halikuanzia Afrika. Isaya 7:14 katika Kiebrania pana neno almah, mwanamke kijana. Wafasiri wa Kiyunani wakaandika parthenos, bikira. Na Wayahudi na Wakristo wamebishana juu ya tofauti hiyo tangu karne za kwanza. Wazee wa Murang'a waliingia katika ugomvi wa kale sana bila ya kualikwa.

Neno la pili lililoleta taabu ni irua. Kiingereza kilichozungumzwa na wamisionari kiliwawezesha kutenga tohara ya wanaume, ambayo Biblia yaitaja mara nyingi, na ile ya wanawake, ambayo haitajwi popote. Kigikuyu hakikuwa na utengano huo. Irua ilikuwa moja, ya wavulana na wasichana, na ndiyo iliyomfanya mtoto kuwa mtu. Sasa na tumfikirie msomaji wa Agano Jipya la 1926. Katika Wagalatia 5 anamkuta Paulo akiwaonya watu kwamba wakitahiriwa Kristo hatawafaidia kitu. Katika Matendo 16 anamkuta Paulo yule yule akimtahiri Timotheo kwa sababu ya Wayahudi wa mahali pale. Katika 1 Wakorintho 7 anaambiwa kwamba kutahiriwa si kitu, wala kutotahiriwa si kitu. Kwa msomaji wa Ulaya sehemu hizi zilikuwa historia ya ugomvi uliokwisha. Kwa msomaji wa Murang'a zilihusu irua, ambayo binti yake alikuwa akiingojea mwaka ule. Ikiwa kutahiriwa si kitu, aliweza kuuliza, kwa nini mwenye kutahiriwa afukuzwe mezani pa Bwana? Na ikiwa Paulo alimtahiri Timotheo ili asiwaudhi jirani zake, ni kosa gani kwa Mgikuyu kufanya vivyo?

Maswali hayo hayakubaki ya darasani. Mwaka 1929 misheni ya Kiskoti, chini ya Dakta John Arthur wa Thogoto, pamoja na Africa Inland Mission, ziliwataka waumini na walimu wao waahidi kwa alama ya kidole kwamba wanaikataa tohara ya wasichana. Alama hiyo iliitwa kirore, na walioitia wakaitwa kwa jina hilo hilo. Waliokataa wakaitwa aregi. CMS haikudai jambo hilo kwa ukali ule ule, na kwa hiyo Kahuhia hapakuvunjika kama Githumu. Wimbo wa kejeli ulioitwa Muthirigu ulienea vilimani kote hata serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Walimu walipoteza kazi, watoto walitolewa shuleni, na jamaa za nyumba moja zikaacha kusali pamoja. Wasichana wenyewe, ambao miili yao ndiyo iliyobishaniwa, ni nadra kusikika katika maandishi ya upande wowote. (Tendo lenyewe limekatazwa nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, lakini sheria hiyo haikulihoji neno muiritu.)

Jambo la wake wengi laweza kuelezwa kwa ufupi zaidi, kwa kuwa limekwisha kuandikwa na Jomo Kenyatta katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotoka mwaka 1938. Aonyesha jinsi Mwafrika alivyoona kwamba wale ambao Biblia huwatukuza, Ibrahimu, Yakobo, Daudi na Sulemani, walikuwa na wake wengi, na jinsi alivyoshangaa kuambiwa kwamba jambo hilo ni dhambi. Wamisionari waliweza kujibu kwa 1 Timotheo 3, ambapo askofu atakiwa awe mume wa mke mmoja. Jibu hilo lilikuwa dhaifu, maana msomaji makini angeliona mara moja kwamba sharti limewekwa juu ya askofu, na si juu ya kila mtu.

Lakini ni jambo la Agano la Kale lenyewe ambalo halijatazamwa vya kutosha. Kwa miaka ishirini na mitano Mgikuyu asiyejua lugha nyingine alikuwa na Agano Jipya zima bila ya Agano la Kale zima. Aliyetaka kuisoma Torati yote kwa macho yake ilimbidi ashike Biblia ya Kiingereza au ya Kiswahili. Na Kiswahili kilikuwa nayo Biblia kamili tangu 1891, ile iliyoanzwa na Askofu Steere wa Unguja, na nyingine ya Mombasa tangu 1914. Kwa hiyo nusu moja ya Neno la Mungu ilikuja kwa lugha ya mama, na nusu ya pili kwa lugha ya pwani. Walimu walisema kwamba nusu ya kwanza imeitangua ya pili. Msomaji aliyeipata ile ya pili kwa taabu hakuwa tayari kuamini kwamba ametaabika kwa ajili ya kitabu kilichofutwa, na hasa akikumbuka kwamba Mathayo 5 yamwonyesha Yesu akisema hakuja kuitangua Torati.

Kundi lililolifuata wazo hili mpaka mwisho ni lile la Arathi, yaani manabii, ambalo baadaye liliitwa Akurinu. Ni ajabu kidogo kwamba serikali na watu wengine walilijua kwa jina la Kiswahili, Watu wa Mungu, na kwa jina hilo Kenyatta naye analitaja. Mmoja wa viongozi wake, Joseph Ng'ang'a, alijitenga na watu katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 ili asali na kuichunguza Biblia. Wafuasi walivua viatu wakiomba, walishika sheria za unajisi na utakaso, walikataa dawa za hospitali, na walizikataa misheni pamoja na mambo mengi ya mila ya wazee. Kwao hapakuwa na mgongano baina ya Maagano mawili kwa sababu hawakukubali kwamba lolote katika hayo limekoma. Mwezi wa Februari 1934 polisi walipambana nao katika msitu wa Ndarugu, na Ng'ang'a pamoja na wenzake wawili wakauawa kwa risasi. Ni vigumu kuupata mfano mwingine nchini Kenya ambapo kanuni ya kufasili maandiko iligharimu kiasi hicho.

Wengine walichagua njia ya taratibu zaidi. Chama cha Shule Huru za Wagikuyu, KISA, kiliundwa mwaka 1934, na viongozi wake, ambao hawakutaka kukaa bila ya ubatizo, wakamwita Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa African Orthodox Church kutoka Afrika Kusini. Alikaa kuanzia mwishoni mwa 1935 hata 1937, akafundisha na kuwaweka makasisi huko Gituamba. Makanisa yaliyotokana na kazi hiyo hayakuandika kitabu chochote cha kusawazisha aya zinazopingana. Yalibatiza waliokataliwa, na kwa kufanya hivyo yakatoa fasili yake.

Wanaosoma historia ya dini watakumbuka habari ya Askofu Colenso wa Natal, ambaye maswali ya msaidizi wake Mzulu, William Ngidi, juu ya Gharika yalimfanya aanze kuhesabu upya tarakimu za vitabu vya Musa, akatoa mwaka 1862 kitabu kilicholitikisa Kanisa la Uingereza. Huko mashaka ya Mwafrika yalikuwa juu ya ukweli wa habari, na mzungu ndiye aliyeyapeleka mbali. Katika Murang'a mambo yalikuwa kinyume. Wagikuyu hawakuuliza kama Nuhu aliweza kuwaingiza wanyama wote safinani. Waliuliza sheria yasema nini na ni nani mwenye haki ya kuisoma. Wachache sana waliamua kwamba Kitabu chajipinga. Wengi waliamua kwamba mhubiri ndiye anayekipinga. Hukumu hiyo haikuwa ya haki kabisa kwa mhubiri, kwa kuwa Wagalatia 5 na Matendo 16 havipatani kwa urahisi katika lugha yoyote, Kiyunani kikiwamo. Lakini katika jambo la muiritu ilikuwa ya haki: mmisionari alikuwa akihubiri dhidi ya neno alilolichapa mwenyewe.

Mwaka mmoja baada ya Biblia nzima kutoka ilitangazwa Hali ya Hatari, na shule huru zikafungwa. Katika mji wa Murang'a lilijengwa kanisa la kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika vita vile, na mwaka 1959 mchoraji Elimo Njau, mwenyeji wa Kilimanjaro, alichora kutani mwake maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa mpaka msalabani, watu wake wakiwa Waafrika na nchi yake ikiwa hii hii ya vilima. Mariamu yumo. Mchoraji hakuhitaji kuamua ataitwa nani, na wanawake wa rika lililotahiriwa wakati wa kirore, pamoja na wale ambao baba zao walitia kidole, wamekaa chini ya picha hiyo katika kanisa moja.